Bima ya daktari ni ngao ya nani?



Juma lililopita nilikuwa nimekaa pale kituoni Maganzo nikingoja gari la kwenda Shinyanga mjini. Mama mmoja muuza karanga, ambaye husikiliza mazungumzo haya, alinisalimu kisha akaniuliza swali. "Baba, hii bima ya afya kwa wote wanayoitangaza, daktari akikosea akanikata pasipotakiwa, bima hiyo itanilipa?"

Nilimjibu upesi, kama tufanyavyo sisi watu wazima tunapoogopa kuonekana hatujui. Nilisema, "Ndiyo mayu, italipa." Gari likaja, nikapanda. Kabla hatujafika Kolandoto nilikwisha tambua kwamba nimemdanganya mama yule. Kwa hiyo mazungumzo ya leo ni deni. Namrudishia jibu lake, na kwa kuwa wengi wetu tuna swali hilo hilo, nawaomba nyote tulisikilize pamoja.

Tuanze na kutenganisha vitu viwili ambavyo jina lake ni moja. Bima ya afya ni fedha unayoichangia ukiwa mzima ili ukiugua upate kutibiwa. Ndugu zetu wa Igunga, hapo jirani Tabora, walianza kuionja mwaka 1996 ulipoanzishwa kwao Mfuko wa Afya ya Jamii. Watumishi wa Serikali wakapata mfuko wao kwa sheria ya mwaka 1999. Na mwaka 2023 Bunge letu likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima hizi zote kazi yake ni kulipa gharama za matibabu, yaani kumwona daktari, dawa, vipimo na kitanda. Ikiwa matibabu yenyewe yamekuumiza, huenda kadi yako ikakusaidia kutibiwa jeraha hilo. Lakini haikulipi kwa mguu uliopotea, wala kwa misimu ya kulima iliyokupita, wala kwa mtoto aliyebaki bila mama.

Fedha ya namna hiyo huitwa fidia, na hutoka katika mfuko wa yule aliyesababisha hasara. Mfuko wake ukiwa mtupu, yafaa pawepo bima ya aina ya pili. Hii haikatwi na mgonjwa. Hukatwa na daktari, au na hospitali kwa niaba ya watumishi wake wote. Watu wa bima huiita bima ya dhamana ya kitaaluma. Mimi nitaiita bima ya daktari, ili twende pamoja.

Msikilizaji asiyeielewa bima hii na atazame kioo cha mbele cha basi lolote lipitalo Maganzo. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kukata bima ya mtu wa tatu. Mtu huyo wa tatu si dereva wala si kampuni ya bima. Ni yule mzee aliyekuwa akivuka barabara na baiskeli yake. Dereva ndiye anayelipa ada, lakini siku ya ajali fedha inamwendea mzee. Bima ya daktari nayo ni hivyo hivyo. Daktari hulipa ada, na mgonjwa aliyeumizwa kwa uzembe ndiye mtu wa tatu.

Hapa msikilizaji mmoja atasema: kumbe ni rahisi, daktari akishindwa kuniponya nitadai. La hasha! Si kila anayefia hospitalini ameuawa na daktari. Malaria kali huua hata mikononi mwa bingwa. Kidonda cha mwenye kisukari hukataa kupona hata kikifungwa kwa uangalifu mkubwa. Mahakama zetu zilirithi sheria za mazoea kutoka Uingereza, na huko ipo kesi maarufu ya mwaka 1957 iitwayo kesi ya Bolam. Mgonjwa huyo alikuwa akitibiwa huzuni kubwa kwa mshtuko wa umeme. Hakupewa dawa ya kulegeza misuli, akatikisika, akavunjika mifupa ya nyonga. Hata hivyo alishindwa kesi, kwa sababu wakati ule madaktari wenye ujuzi walitofautiana juu ya kutoa dawa hiyo, na daktari wake alifuata njia ambayo kundi moja la wenzake lilikubaliana nayo. Tangu hapo kipimo kimekuwa hiki: hatuulizi kama mgonjwa alipona. Tunauliza kama daktari alifanya kama ambavyo daktari makini wa fani yake angefanya.

Anayedai hana budi kuthibitisha mambo manne. Kwanza, kwamba daktari yule alikuwa na wajibu kwake. Pili, kwamba aliuvunja. Tatu, kwamba mdai amepata madhara. Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, kwamba madhara hayo yametokana na kosa lile wala si na ugonjwa wenyewe. Ukikosa moja kati ya hayo, kesi imeanguka.

Sasa tuseme umeumizwa kweli. Uende wapi? Wengi wetu hukimbilia mlango wa kwanza tunaouona. Ipo milango mitatu, na kila mmoja una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linalofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Wauguzi na wakunga wana baraza lao. Mabaraza haya yanaweza kumwita mtaalamu, kumhoji, kumwonya, kumsimamisha, hata kulifuta jina lake katika daftari. Kazi yake ni kuwalinda wagonjwa wa kesho. Lakini mgonjwa wa jana hatoki pale na fidia mkononi.

Mlango wa pili ni polisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni kosa la jinai kumtibu mtu kwa uzembe au kwa kutojali hata ukahatarisha uhai wake. Hapa daktari anaweza kufungwa. Yuko anayeona raha moyoni kumwona aliyemuumiza akiingia gerezani, nami simlaumu. Lakini mfungwa hana mshahara, na asiye na mshahara hana cha kukulipa. Aidha, hakuna bima itakayomlipia mtu faini ya jinai au kumtumikia kifungo.

Mlango wa tatu ni mahakama ya madai. Hapa ndipo fidia inapopatikana, na hapa ndipo bima ya daktari inapokuwa na maana. Lakini mlango huu una saa yake ukutani. Madai ya madhara ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ukikaa ukisema nitakwenda mavuno yakiisha, nitakwenda mtoto akimaliza shule, mlango utafungwa. Na kama aliyekuumiza ni mtumishi wa hospitali ya Serikali au zahanati ya halmashauri, unatakiwa kwanza kutoa taarifa ya maandishi ya kusudio la kushtaki, ya siku zisizopungua 90, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Ujue pia kwamba mwajiri hujibu makosa ya mtumishi wake aliyoyafanya akiwa kazini. Kwa hiyo katika hospitali ya umma mdaiwa wako ni Serikali yenyewe.

Ndugu wasikilizaji, mnakumbuka mkasa wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, mwezi Novemba mwaka 2007. Vijana wawili, majina yao ya kwanza yakifanana, walipelekwa kwenye chumba cha upasuaji. Aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa. Aliyekuja kutibiwa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja wao alifariki baadaye. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilistahili kupiga kelele. Mazungumzo mengi niliyoyasikia wakati ule, katika mabasi na vilabuni, yalikuwa juu ya nani afukuzwe kazi. Ni wachache niliowasikia wakiuliza nani atawatunza vijana wale na wazazi wao, na kwa fedha ya nani. Sisi tunajua kukasirika. Kuhesabu hasara hatujajifunza.

Huku kwetu Maganzo tulipata somo la kuhesabu hasara mwaka 2022, tarehe 7 Novemba, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipobomoka na tope likafunika nyumba na mashamba ya jirani zetu. Siku ile neno lililokuwa midomoni mwa kila mtu lilikuwa fidia. Watu waliandika orodha za mabati, magunia, mifugo na miti. Waliweza kudai kwa sababu mdaiwa alijulikana na alikuwa na mfuko. Lakini katika zahanati ndogo ya vyumba vitatu, ambayo mwenyewe anaiendesha kwa kukopa dawa, mfuko huo uko wapi?

Hapa naomba niwasimulie jambo ambalo sijapata kulisema hadharani.

Mwaka 1994 mtoto wa dada yangu, akiwa na miaka mitano, alipata homa kali. Tulimpeleka katika zahanati moja ya binafsi iliyokuwa kando ya barabara. Aliyemhudumia sisi tulimwita daktari, ingawa kwa vyeti alikuwa tabibu. Alimchoma sindano ya kwinini takoni, kama ilivyokuwa desturi miaka ile. Homa ikashuka. Asubuhi yake mtoto aliposimama, mguu wa kulia ulikuwa ukiburuta. Unyayo ulining'inia, hauinuki.

Siku hizi najua kilichotokea. Takoni unapita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni, na sindano ikipigwa mahali pasipo pake hugusa mshipa huo na kuujeruhi. Wakati ule tulijua jambo moja tu, kwamba mtoto aliingia akitembea na sasa hatembei.

Jioni ya siku ya pili tabibu yule alikuja nyumbani kwa miguu, peke yake. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akasema, "Shemeji, mjomba, poleni sana. Nimesikia habari za mtoto." Akataka kuendelea. Mimi nilimkatiza. Nilikuwa kijana niliyesoma kidogo, tena mwenye maneno. Nikasema, "Pole hiyo ni ya nini? Umekubali kosa? Kesho utaisema polisi."

Yule bwana alinyamaza. Alivaa kofia yake akaondoka. Kesho yake mwenye zahanati alimkataza kuonana nasi. Mwezi haukuisha, akawa amehama, na tulipoomba daftari la wagonjwa tuliambiwa halionekani. Polisi hatukwenda kamwe. Ilikuwa ni maneno yangu tu.

Miaka mingi baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimtazama kijana wetu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Aliuliza, "Baada ya sindano ile, mlipewa kifaa cha kuushikilia unyayo? Alifanyishwa mazoezi?" Tulijibu hapana. Akatikisa kichwa. Mishipa mingine, alisema, hurudi polepole kwa miezi mingi, na katika miezi hiyo unyayo hushikiliwa ili usikakamae. Sijui kama yule tabibu alikuja jioni ile kutuambia habari za kifaa hicho. Ninachojua ni kwamba sikumwacha aseme.

Nimeyaeleza haya ili muone bima ya daktari ingefanya nini, na isingefanya nini. Isingeurudisha mguu. Lakini tabibu yule angejua kwamba ukweli hautamfilisi. Mwenye zahanati asingekuwa na sababu kubwa ya kuficha daftari. Na familia ingekuwa na mlango wa kubisha zaidi ya vitisho vya kijana mwenye maneno mengi. Mtu asiye na chochote cha kukulipa, ukimtisha, atakimbia, na akikimbia huondoka na habari ambayo ingekusaidia.

Basi na tuifungue karatasi ya bima hiyo tuone kilichomo, maana mganga anayekata bima bila kuisoma ni sawa na mgonjwa anayemeza dawa bila kuuliza.

Jambo la kwanza ni kikomo. Kampuni husema italipa hadi kiasi fulani kwa tukio moja, na hadi kiasi fulani kwa mwaka mzima. Kinachozidi hapo ni cha daktari mwenyewe. Pia kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima huibeba kabla kampuni haijaingia.

Jambo la pili ni wakati, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Bima hizi ziko namna mbili. Namna moja hutazama siku ya tukio. Kosa likitokea wakati bima iko hai, kampuni italipa hata kama madai yamekuja miaka miwili baadaye. Namna ya pili hutazama siku ya madai. Tuseme daktari wa Kahama alikuwa na bima ya namna hii mwaka 2021 na 2022, kisha akaiacha. Mwaka 2023 mgonjwa aliyempasua mwaka 2021 anakuja na wakili. Daktari atasema, "Lakini nilikuwa na bima siku ile!" Kampuni itamjibu, "Siku ya madai hukuwa nayo." Ili kuepuka hilo, daktari anayestaafu au kuhama hana budi kununua nyongeza ya kufunika madai yatakayokuja nyuma yake. Marekani nyongeza hiyo wameipa jina la mkia. Ni jina zuri, maana daktari akiondoka kazi zake zinamfuata nyuma.

Jambo la tatu ni vizuizi. Kwa kawaida bima haimlipii aliyetibu akiwa mlevi, wala aliyefanya kazi leseni yake ikiwa imekwisha, wala aliyefanya kazi iliyo nje ya leseni yake. Katika ukanda wetu wa madini jambo hili ni zito. Toka Mwadui hadi Kahama, toka Kahama hadi Geita na machimbo yake madogo, watu huamia mahali upesi kuliko hospitali. Palipokuwa pori mwaka jana, mwaka huu kuna maelfu ya wachimbaji na duka moja la dawa muhimu. Muuzaji wa duka anaombwa achome sindano. Mhudumu anaombwa azalishe. Wanafanya kwa huruma, na wakati mwingine kwa fedha. Lakini wajue kwamba siku mambo yakiharibika hakuna kampuni itakayosimama nyuma yao. Na mgonjwa naye ajue kwamba anajitibisha mahali ambapo hakuna mfuko.

Jambo la nne ni ada. Ada hufuata hatari. Daktari wa ngozi hulipa kidogo kuliko mpasuaji, na anayezalisha akina mama yuko juu, kwa kuwa mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa huhitaji matunzo maisha yake yote. Ada ikipanda mno, hudhuru hata mgonjwa. Marekani kila jimbo lina sheria zake, na miaka ya sabini bima ya madaktari ilipanda vibaya hata baadhi wakatishia kuacha kazi. Jimbo la California likatunga sheria mwaka 1975 kwamba fidia ya maumivu na majonzi, mbali na gharama halisi, isizidi dola 250,000. Kikomo hicho kilikaa bila kuguswa hadi mwaka 2022 walipokubaliana kukipandisha, kuanzia mwaka 2023. Madaktari walikuwa wamepata nafuu, lakini kwa karibu miaka 50 mjane na mzazi walikuwa wakipewa kipimo kile kile huku bei za vitu zikipanda. Mizani hii si rahisi kuishika, hata kwa matajiri.

Jambo la tano, ndugu zangu, ndilo lililonifanya nikumbuke jioni ile ya mwaka 1994. Bima nyingi zina sharti mbili kuhusu maneno. Sharti la kwanza husema: kukitokea tatizo, iarifu kampuni mara moja. Hilo ni jema. Sharti la pili husema: usikubali kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Nalo lina sababu yake, maana fedha ni ya wachangiaji wote. Lakini sharti hili la pili limewatia baadhi ya madaktari hofu hata wakimkuta mfiwa ukumbini wanapita kama hawamjui.

Katika Kiswahili chetu tuna neno ambalo Waingereza hawana. Wao wakisema wanasikitika, neno lao hilo moja huweza pia kuwa kukiri. Sisi pole tunampa aliyejikwaa njiani, ingawa jiwe si letu. Tunampa aliyetoka kazini, aliyefiwa, aliyenyeshewa. Pole si hati ya kukiri deni. Huko Marekani iliwabidi watunge sheria kwa jambo hili. Jimbo la Massachusetts lilikuwa la kwanza, mwaka 1986, kusema kwamba maneno ya huruma kwa aliyeumia yasitumike mahakamani kama ushahidi wa kukiri kosa. Sisi lugha yetu ilikwisha litatua zamani. Nami, mwana wa lugha hii, nilimnyang'anya mtu pole yake nikaigeuza kuwa hati ya mashtaka.

Kwa hiyo daktari anaweza kabisa kuitii kampuni yake na bado akawa mtu. Aje. Aseme pole. Aeleze kwa lugha nyepesi nini kimetokea kwa kadiri ajuavyo, na nini kifanyike sasa ili kupunguza madhara. Habari za nani alipe nini, aziache kwa wahusika.

Msikilizaji atauliza, wenzetu wanafanyaje? Uingereza madaktari walianza kujiwekea vyama vya kusaidiana tangu mwaka 1885. Tangu mwaka 1990 Serikali yao hubeba madai ya madaktari wa hospitali za umma, na tangu mwaka 2014 sheria inamtaka kila daktari anayetibu awe na kinga ya namna fulani. Jirani zetu wa Kenya, baraza lao la madaktari huulizia bima hii wakati wa kuhuisha leseni. New Zealand walikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 1974 wana mfuko wa taifa unaomlipa aliyeumia, pamoja na wengi walioumizwa na matibabu, bila ya kwanza kumtafuta mwenye hatia. Sweden nao walianza bima ya wagonjwa mwaka 1975.

Msidhani hilo la kulipa bila kutafuta mwenye hatia ni geni kwetu. Mchimbaji mwajiriwa wa Mwadui au wa Geita akivunjika mkono kazini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008, haumuulizi kwanza kama bosi wake alikuwa mzembe. Unauliza kama ameumia kazini, na kiasi gani. Basi, kama tumeweza kuufanyia hivyo mkono uliovunjwa na jiwe, kwa nini tusiufikirie mguu uliojeruhiwa na sindano? Sasa tumeanza safari ya bima ya afya kwa wote. Kila mmoja atachangia ili atibiwe. Rai yangu ni kwamba wakubwa wetu wafikirie kutenga sehemu ndogo kwa ajili ya yule ambaye matibabu yenyewe yatamuumiza.

Wakati tukisubiri hayo, kila mmoja ana la kufanya. Mwenye zahanati, kata bima inayofunika watumishi wako wote, tabibu, muuguzi na mkunga, wala usiishie kwenye jina lako. Tabibu, soma namna ya bima uliyo nayo, hakikisha leseni haijaisha, na andika kila ulichofanya, saa na kipimo, maana daftari zuri humtetea mwenye haki. Mgonjwa, tunza cheti chako, kadi yako na karatasi ya rufaa. Andika tarehe. Ukiumia, kwanza tafuta matibabu ya jeraha hilo, na kadiri ya kesi iwe ya pili. Uliza bila matusi. Na kama ni lazima kudai, nenda mapema kwa wakili au kwa watoa msaada wa kisheria, kabla saa ya ukutani haijagonga.

Na wewe mama wa karanga, jibu lako ni hili: hapana mayu, bima ya afya haitakulipa fidia daktari akikosea. Itakayokulipa ni bima ya daktari mwenyewe, kama anayo, au Serikali iliyomwajiri, kama ni mtumishi wake, nawe utapaswa kuthibitisha. Kwa hiyo siku ukienda kutibiwa mahali pa kulipia, pamoja na kuuliza bei, uliza kwa heshima: "Daktari, hapa mna bima ya makosa?" Akicheka, mwambie umeambiwa na mzee wa redioni.

Yule tabibu sijui aliko. Kama yu hai, na kama redio yake inashika huku kwetu, namwambia neno ambalo nilipaswa kumpa jioni ile alipokalia kigoda chetu: karibu, endelea, tunakusikiliza. Na pole.

Hadi juma lijalo, nawatakieni afya njema.